Njiti za Fagio la Bi Kijakazi

Mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam
Jumapili, 8 Oktoba 2023

Mdogo wangu Mektilda,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungeshaniamkia kabla sijavua viatu, kwa hiyo naitikia mapema.

Sisi huku wazima. Mvua imeanza vibaya mwaka huu, maji yameingia hadi kwenye korido, na Bi Kijakazi mwenye nyumba ametuwekea matofali tunarukaruka juu yake kama mbuzi. Mzee Bakili bado ananivumilia pale dukani Kariakoo. Nafunga mizigo ya vikombe na sahani za kwenda mikoani, vidole vimechanika kwa kamba, ila mkono unaenda kinywani. Sanduku la barua ni lake, unajua, na hulifungua Ijumaa kwa Ijumaa akienda Posta kwa shughuli zake. Barua yako itanifikia Ijumaa au haitanifikia. Nikikawia kujibu usidhani nimekutupa.

Isidori wako ana miaka tisa na ubishi wa mtu wa arobaini. Mdogo wake Leti ametimiza mitano mwezi wa nane. Amejua kufunga kamba za viatu, basi anafunga kila kitu, juzi kaufunga mguu wa meza na mguu wangu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Ulipoondoka tuliwaambia umekwenda kusini kikazi. Leti alikuwa mdogo, akakubali. Sasa hakubali. Wiki iliyopita kaniuliza mbele ya wapangaji wote, "Mama mkubwa, ni kazi gani hiyo isiyo na likizo?" Nilikosa pa kuweka uso. Isidori alikuwa pembeni anaandika hesabu zake, hakuinua kichwa. Kunyamaza kwake kule hakunipendezi.

Nimewaza hivi. Unakumbuka marehemu mama, Majilio yakianza, alivyokuwa anatuwekea hori tupu pale chini ya picha ya Familia Takatifu? Kila siku ukifanya jema moja unatia unyasi mmoja, ili Mtoto akizaliwa asilale kwenye mbao. Wewe ulikuwa unaiba nyasi zangu unatia kwako. Nataka nifanye hivyo na hawa. Huku nyasi ni zile zilizoota relini, zina oili, kwa hiyo nitatumia njiti za fagio. Kazi za kila siku uziandike wewe, ndogondogo tu, kuanzia tarehe mosi Desemba hadi Noeli yenyewe. Ishirini na tano. Wajue ni mama yao anayewatuma.

Na rufaa imefikia wapi? Kama kuna dalili ya kutoka kabla ya sikukuu, niambie nijiandae.

Dada yako,
Evarista


Huku kusini
29 Oktoba 2023

Dada Eva, shikamoo.

Barua yako imesomwa na wenyewe kwanza ndipo nikapewa, kwa hiyo tusalimiane sote watatu.

Mimi mzima. Tumetolewa shambani tukawekwa kwenye cherehani, tunashona mashati. Mgongo unauma kuliko wakati wa jembe. Nimsalimie nani huko? Mwambie Bi Kijakazi shikamoo yake iko palepale.

Tumbo lako linaendeleaje? Lile la siku ile. Hujawahi kuniambia kama ulikwenda kupima.

Kuna mama mmoja wa Tunduru analala ubavuni kwangu, juzi kaniuliza nimeingiaje humu. Nikamsimulia. Dada yangu alikuwa na gunia la mteja la kupeleka kwenye basi, akashikwa na tumbo asubuhi ile, akajikunja kitandani. Nikasema ngoja nikuokolee safari, nikirudi nitakupikia uji. Pale kwenye basi wakaniuliza jina la mtumaji, nikaandika la kwangu, maana ndilo ninalojua kuliandika bila kukosea. Askari wakafungua gunia, wakakuta spea za magari zilizoibwa. Mwenye gunia hakuonekana tena. Miaka mitano. Yule mama akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema mimi ndiye mfungwa pekee aliyefungwa kwa ajili ya uji. Nami nikacheka, dada. Kuna siku huku tunacheka.

Rufaa itasikilizwa tarehe 14 Novemba. Usiwaahidi watoto kitu. Nasema tena, usiwaahidi. Huku ndani anayehesabu siku ndiye anayezeeka haraka, na sitaki wanangu wazeeke. Lakini jambo la hori nimelipenda, nimelia nalo. Nitaandika hizo kazi nikipata karatasi, karatasi huku kuna foleni.

Mdogo wako,
Mektilda


Gerezani
Jumapili, 12 Novemba 2023

Mdogo wangu,

Marahaba, na huyo wa tatu anayetusomea naye msalimie. Mwambie mwandiko wangu ni mbaya kwa haraka, sina siri.

Kaka yetu Augustino ameoa tena kule Mbinga. Hakutualika, heri yetu, maana kitenge cha sare ningekitoa wapi. Leti alipata mafua, yamekwisha. Isidori amekuwa wa pili darasani kwa hesabu na hakumwambia mtu, nimeambiwa na mwalimu.

Nilikwenda kwa Bi Kijakazi kumwomba fagio lake kuukuu la njiti. Akauliza la nini. Nikamweleza hori, nyasi na Mtoto. Akazungusha tasbihi yake, kisha akaingia ndani akanitolea jipya, halijaguswa na vumbi. Akasema watoto hawaanziwi jambo na kitu kikuukuu. Isidori naye kakata boksi la vikombe la dukani, kalikunja vizuri likawa hori. Ubavuni bado pameandikwa TAHADHARI, VINAVUNJIKA. Nikamwambia aligeuze upande huo ukutani. Akasema hapana, na Mtoto anavunjika pia.

Keshokutwa ndiyo tarehe 14. Nimetoa nia ya misa, jina nimetaja, shida sikutaja. Orodha yako bado. Harakisha, mdogo wangu, Desemba haimsubiri mtu.

Dada yako,
Evarista


Huku kusini
20 Novemba 2023

Dada Eva, shikamoo.

Tumbo hujanijibu. Au ndiyo yale ya kujifanya umepona ili nisihangaike? Kapime, dada. Vitu vya tumboni havitaki kufichwa.

Mama wa Tunduru ametoka Alhamisi. Kaniachia nusu mche wa sabuni na kijiko chake. Nafasi yake ameichukua binti mdogo ambaye halali, analia tu.

Orodha iko kwenye karatasi ya pili. Usinicheke, mtu aliyefungiwa anafikiria vitu vidogo. Siku ya kwanza, wachambue mchele pamoja, atakayepata mawe mengi ndiye anayeshinda. Siku ya pili wakamwamkie Bi Kijakazi na wakae naye mpaka awaambie waende, wasikimbie. Siku ya nne Leti amfundishe Isidori kufunga kamba kwa mtindo wake, na Isidori asimsahihishe. Siku ya saba wakate nyota kwa karatasi za maboksi, waitundike dirishani. Siku ya kumi waimbe wimbo mmoja wa Noeli wakifua soksi. Siku ya kumi na tatu kila mmoja aseme jambo moja alilokosea bila kuulizwa, na asiadhibiwe. Siku ya ishirini wakupake wewe mafuta mikononi, pale kamba zilipokata. Na nyingine utaziona.

Ziko ishirini na nne. Mstari wa ishirini na tano nimeuacha.

Lile la tarehe kumi na nne, tutalizungumza.

Mektilda


Gerezani
Jumapili, 3 Desemba 2023

Mektilda wangu,

Marahaba, marahaba mara ishirini na tano. Barua imeingia Ijumaa tarehe mosi, siku yenyewe, kama uliipiga hesabu. Mzee Bakili ameniletea mkononi mwake, nikaisoma nimekalia mzigo wa masinia huku mteja wa Dodoma ananigombeza.

Nimekuelewa. Nimefika kwenye mstari wa ishirini na tano, nikauona mtupu, nikaelewa. Ya nini kuandika kazi ya siku ambayo utakuwepo mwenyewe kuisema kwa mdomo? Na umefanya vizuri kutoitaja rufaa waziwazi, barua zinasomwa, maneno yanaharibu mambo. Nimepiga magoti palepale kwenye masinia.

Jioni nikawaita. Nikawaonyesha karatasi. Leti hajui kusoma ila anaujua mstari mtupu akiuona, akaniuliza huu wa mwisho kazi yake iko wapi. Nikamwambia, hiyo mama yenu anakuja kuwaambia mwenyewe. Njiti zikitimia ishirini na tano horini, mama amefika. Mektilda, ungeona. Hakupiga kelele. Alikwenda akakaa mbele ya lile boksi akalitazama kama mtu anayesubiri sufuria ichemke.

Ya kwanza wameifanya. Mchele ulikuwa safi, ikabidi nichanganye vijiwe mwenyewe nikiwa jikoni ili wapate cha kuchambua. Ya pili walikaa kwa Bi Kijakazi saa nzima, akawapa kashata akawasimulia harusi yake. Leo wamekunja nguo zao wenyewe. Njiti tatu.

Isidori ndiye simwelewi. Anafanya kazi zote, anatia njiti, haulizi kitu. Jana kaniuliza tu kama barua yako imesema wazi kuwa unakuja. Nikamjibu kuna mambo hayahitaji kusemwa.

Nakununulia kitenge. Cha bluu, usibishe.

Dada yako,
Eva


Huku kusini
12 Desemba 2023

Dada Eva, shikamoo.

Barua yako nimeipata jana. Leo sijala.

Sikia, na uisome hii taratibu. Rufaa ilitupwa siku ileile, tarehe 14. Haikuchukua hata nusu saa. Hakimu alikuwa na haki yake, jina kwenye gunia lilikuwa langu. Nilirudi nikakaa siku sita sijasema na mtu, ndipo nikakuandikia ile orodha. Nilifika mstari wa mwisho kalamu ikakataa. Ningeandika nini? Nikiandika kazi, nimesema siji. Nikiandika nakuja, nimewadanganya wanangu kwa mkono wangu. Nikauacha mtupu. Nilidhani utaona utupu ule, uelewe kuwa sipo.

Nilikwambia usiwaahidi.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu, kwa nini niseme uongo. Lakini nami nilikuficha, na hapo tuko sawa. Nilishindwa kuliandika neno "imetupwa". Leo nimeliandika mara mbili na mkono haukukatika.

Nikiwa na tabia njema nitatoka tarehe 14 Septemba 2025. Hiyo afande kaniandikia kwenye karatasi, siyo ndoto.

Basi kazi ya siku ya ishirini na tano ni hii, itie kwenye mstari: waambie ukweli. Wote, tangu mwanzo. Mimi ni mfungwa, sikuiba, sitakuja. Nakuomba uwaambie kabla ya sikukuu, ili siku yenyewe iwakute wameshalia. Nampa afande barua hii leo, Mungu aifikishe.

Na tumbo lako, dada, kwa mara ya tatu.

Mektilda


Gerezani
Jumapili, 17 Desemba 2023

Mdogo wangu,

Ijumaa sanduku lilikuwa tupu. Nakuandikia hivyohivyo, maana hili siwezi kukaa nalo.

Bi Kijakazi anakusalimu. Mvua imekata njia ya kwenda sokoni mara mbili wiki hii, na hata hivyo Kariakoo haipitiki kwa watu wa sikukuu. Mzee Bakili anatufungisha mizigo hadi tunasahau kula.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nawasha jiko. Nikaona fagio limelala chini, kamba yake imefunguliwa, limebaki jembamba. Kugeuka, hori limejaa. Njiti zimesimama humo hazina idadi, Leti hajui kuhesabu zaidi ya kumi na tisa, kwa hiyo alitia mpaka akaona zinatosha. Na Leti hayupo. Gauni la kanisani halipo. Viatu havipo.

Sikwambii nilivyokimbia. Nilikwenda hadi kwenye mafundi wa spea, nikarudi, nikapita reli, nawauliza watu mtoto wa gauni jeupe. Isidori ndiye aliyefikiri. Alikwenda moja kwa moja kituo cha mabasi ya mwendokasi. Tukamkuta amekaa kwenye benchi, kamba za viatu kafunga mafundo mawili mawili, dada mkata tiketi kampa maji. Alikuwa pale tangu alfajiri, anatazama kila basi linalofungua milango. Aliponiona hakuogopa. Akasema, "Njiti zimetimia, mama mkubwa. Bado tu hajashuka."

Nikampiga kofi. Mbele za watu, Mektilda, nimempiga mtoto wako kofi kwa sababu amefanya nilichomwambia. Kisha nikalia mimi, yeye hakulia. Isidori akamshika mkono dada yake akanitazama. Alisema, "Usimpige. Wewe ndiye uliyemwambia."

Jana ilikuwa siku ya kumi na sita, hakutaka kazi. Nikajaribu kuzitoa njiti za ziada zibaki za haki, akalikumbatia boksi zima. Nimeziacha. Bi Kijakazi ameliona fagio lake, hakusema la fagio. Alinivuta pembeni akaniambia mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamuuliza maradhi gani, Bi Kijakazi. Akasema unayajua mwenyewe.

Njoo, mdogo wangu. Hata kama ni tarehe 24 jioni, hata kama ni kwa lori la viazi. Nakuomba tu uje.

Eva


Gerezani
Jumapili, 31 Desemba 2023

Mektilda,

Sina salamu leo. Watoto wazima wa mwili.

Ijumaa ya tarehe 22 Mzee Bakili hakwenda Posta, duka lilikuwa limefurika watu. Barua yako ya tarehe 12 ililala sandukuni wiki nzima. Nimeipata juzi, Ijumaa ya 29.

Kwa hiyo ujue Noeli ilikuwaje. Nilipika pilau. Nilitandika kitanda chako kwa kile kitenge cha bluu. Tulirudi misa ya kwanza, Leti akakaa kizingitini na gauni lake, watu wakawa wanamruka wakipita. Saa sita akaniuliza kama kusini ni mbali sana. Saa tisa akaniuliza kama njiti zilizozidi ndizo zilizoharibu. Nikasema hapana. Akasema labda Mtoto kachomwa nazo, fagio si nyasi. Saa kumi na mbili aliingia ndani, akavua viatu, akala pilau imepoa. Hakumtaja mtu tena. Mimi nililala na kile kitenge mdomoni ili wasinisikie.

Jana Jumamosi nimefanya kazi yako ya ishirini na tano. Nimewakalisha kwenye mkeka, nikasoma barua yako, yote, hata pale unaponilaumu. Isidori alisikiliza hadi mwisho kisha akasema anajua. Walimwambia shuleni akiwa darasa la pili. Mwaka mzima mtoto anatia mdomo kufuli ili mimi nisijue kuwa anajua.

Kisha akauliza, "Na lile gunia lilikuwa la nani kulipeleka?"

Ulisema tangu mwanzo. Ulisema wote. Kwa hiyo nimemjibu, na wewe ninakujibu sasa, na anayesoma barua hizi naye asome. Kwa mara ya tatu unaniuliza tumbo. Mektilda, tumbo halikuwa linauma. Yule mteja aliniletea gunia jioni ya kuamkia siku ile. Nilimwambia aandike jina lake ubavuni, kama tunavyofanya kwa kila mzigo, akakataa, akasema niandike langu. Nilinyanyua, likalia chuma. Miaka kumi na mitano nafunga mizigo, naujua mzigo ulio na mwenyewe na usio na mwenyewe. Niliogopa. Ningemrudishia. Lakini alikuwa mteja mkubwa, na nilikuwa nimeshamwitikia, basi asubuhi nikajikunja kitandani. Sikukutuma, hiyo ni kweli. Ila nilijua utasema ngoja nikuokolee. Nakujua tangu ulipokuwa unaiba nyasi zangu. Nilifumba macho nikakusikia unalivuta gunia mlangoni. Uliniambia nisiamke.

Ningelisema mahakamani. Kila siku nilisema kesho nitalisema. Nikajiambia wote wawili tukifungwa watoto watabaki na nani, na maneno hayo yalikuwa matamu, nikayala mwaka na nusu.

Sasa Isidori hajaniamkia tangu jana. Asubuhi amepita mbele yangu na ndoo ya maji, amemwamkia Bi Kijakazi, amewaamkia wapangaji wote, mimi kaniruka. Hajawahi. Sina la kumfanya, wala sitamfanya.

Leti yeye aliuliza jambo moja tu. Tarehe 14 Septemba 2025 ni njiti ngapi? Isidori akachukua kalenda ya ukutani akakaa nayo muda mrefu. Mia sita ishirini na nne, ukianza na leo. Leti akaenda kwa Bi Kijakazi, sijui walizungumza nini, mchana yule bibi wa watu amerudi kutoka sokoni kwa miguu yake amebeba mafagio matano mapya kichwani. Yamesimama hapa pembeni ya kitanda chako. Hakuna anayeruhusiwa kufagia nayo. Horini Leti ametoa njiti zote na kuanza upya, sasa mna moja.

Anauliza kazi ya kesho. Sina uso wa kumpa kazi. Andika wewe, kama bado unaweza kuniandikia. Usiponiandikia mimi, waandikie wao, nitawasomea na kunyamaza.

Evarista


Huku kusini
21 Januari 2024

Evarista,

Barua yako nimekaa nayo siku kumi. Binti asiyelala aliniona siku ya kwanza, akaja kulala ubavuni kwangu bila kuniuliza kitu, na usiku ule yeye ndiye aliyelala.

Nilikuwa nimezoea kuwa nimefungwa kwa bahati mbaya. Bahati mbaya ni nyepesi, unaibeba huku unacheka. Sasa umeniondolea hata hiyo. Nimejaribu kukuchukia nikashindwa katikati, kwa sababu kila nikifika pale nakuona unachanganya vijiwe kwenye mchele jikoni. Nimejaribu kukusamehe, nako nikashindwa. Utaona hii barua nimeianza bila kukuamkia. Nilikaa juu ya lile neno kama nilivyokaa juu ya mstari wa ishirini na tano. Halikuja.

Usiende polisi. Umenisikia? Wakikuchukua wewe, mafagio yale atayahesabu nani.

Kazi za watoto nitaandika kidogo kidogo, karatasi huku bado ni foleni. Leo nimepata ya moja tu. Iweke mbele ya Isidori aisome mwenyewe.

Siku ya kwanza: Isidori, mwamkie mama yako mkubwa. Mimi bado sijaweza. Anza wewe.

Mektilda